Asiyesikia la Mguu

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha jogingi ni mpenzi wa methali, na Jumamosi ile aliyoichagua ilikuwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Aliitoa kwa kipaza sauti, akiwa juu ya pikapu inayotutangulia na muziki, sisi tukiwa nyuma katika fulana za rangi moja. Aliyekuwa akiambiwa ni mama mmoja wa makamo, mwenzetu wa siku nyingi, aliyeketi ukingoni mwa barabara akijishika ugoko. Alisimama, alieleza, kwa sababu mguu ulikuwa na neno. Mwenyekiti, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake, akashuka, akainama, akausoma mkono wake wa kushoto palipofungwa saa.

"Mama, mapigo 122. Hujachoka."

"Mwanangu, sijasema nimechoka. Nimesema mguu."

"Saa haioni tatizo, mama yangu."

Hakuna aliyepaza sauti, wala aliyemvunjia mwenzake heshima kwa maneno. Adabu yetu ina uwezo huo wa kutisha: mtu anaweza kuitwa mama mara mbili ndani ya dakika moja huku akifanywa mwongo. Jioni jedwali la kilomita likawekwa kwenye kundi la WhatsApp, jina lake la mwisho, limekolezwa wekundu, na pembeni yake neno "visingizio". Ulipopangwa msafara wa kwenda Moshi kwa mbio za mwaka, hakuwemo.

Najua msomaji anangoja nini. Anangoja nimpeleke mama hospitali, picha ionyeshe ufa kwenye mfupa, mwenyekiti aaibike na insha ipate haki yake. Picha hiyo haipo. Mama alipumzika, mguu ukapoa, akaendelea na mbio zake peke yake. Na hapo ndipo hoja ilipogeuzwa dhidi yake: si unaona, hakikuwa kitu! Mguu ungevunjika, wangeuliza kwa nini hakusema mapema. Haukuvunjika kwa kuwa alisema na akatenda alichosema, basi wanadai hakukuwa na la kusema. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu siku ile, kwa hasira kuliko kwa utulivu, na kadiri ninavyolizungusha ndivyo linavyouacha mguu wa mtu mmoja na kutugusa wote. Kuusikiliza mwili ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haiachi ushahidi. Aliyesikiliza kwa wakati ana mguu mzima, na mguu mzima haumthibitishii mwenyewe lolote mbele ya wasioamini. Wanaotibu wakimbiaji wanajua kwamba ufa wa mfupa wa muundi kwa kawaida hauji kwa ghafla. Huanza na uchungu wa mahali pamoja, mwisho wa mbio. Kisha unakuja katikati. Kisha unakuja hata mtu akiwa amelala. Sasa mtu aaminiwe akiwa kituo kipi kati ya hivyo? Kwa sheria ya mwenyekiti wetu, kituo cha mwisho tu, yaani pale ambapo kuaminiwa hakumsaidii tena.

Maana ya kuusikiliza mwili haitanichelewesha. Mwaka 1906 mwanafiziolojia Mwingereza Charles Sherrington alitenganisha hisi zinazotuletea habari za nje na zile zinazotuletea habari za ndani, za matumbo, za misuli, za kiungo gani kimekaa vipi. Tuanzie hapo, inatosha. Na kama nafsi ni kitu kimoja na mwili kingine, Descartes alikwisha kulihangaikia hilo mwaka 1641, na hata yeye, baada ya kuvitenga vitu hivyo viwili kwa juhudi zote, alikubali kwamba hatukai mwilini kama nahodha anavyokaa chomboni, kwa kuwa nahodha huona mbao zimepasuka ilhali sisi tunaumia. Mengine nawaachia wenye darasa.

Linalonishughulisha ni nani anaaminiwa. Mwaka 2007 mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, alichapisha kitabu kuhusu dhuluma anayotendewa mtu katika nafasi yake ya kuwa mjuzi wa jambo. Mtu anasema analolijua, na msikilizaji anampunguzia uzito kwa sababu ya alivyo kabla hajapima alichosema: ni mwanamke, ni maskini, ni mweusi. Mama wetu alipunguziwa uzito kwa umri, kwa jinsia, na kwa unene pia, tusifichane. Lakini kilichonisumbua zaidi ni sisi tuliokuwa nyuma ya pikapu. Tulikuwa wengi. Hakuna aliyefungua mdomo. Sidhani tulikuwa waoga kiasi hicho. Nadhani hatukuona kilichotokea kuwa kitu cha ajabu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuutendea mwili wake vivyo hivyo tangu alfajiri. Wenye spika masikioni walikuwa nazo, tusiokuwa nazo tulikuwa na pikapu. Mtu aliyezoea kumnyamazisha shahidi wake mwenyewe hashtuki shahidi wa mwenzake anapofukuzwa kizimbani.

Hapo ndipo muziki unapoingia, na nitaomba nisieleweke vibaya, ingawa nitaeleweka vibaya. Kukimbia peke yako huku wimbo ukiwa masikioni mwako tu ni jambo changa sana katika historia ya miguu ya binadamu. Sony ilianza kuuza Walkman Japani mwezi Julai 1979. Kabla ya hapo aliyetaka wimbo barabarani aliuimba au alikimbia karibu na waliokuwa wakiupiga. Na tunajua kifaa kile kinafanya nini. Mtaalamu wa saikolojia ya michezo wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, Costas Karageorghis, ametumia miaka mingi kulipima jambo hili, na matokeo yanayotajwa sana ni kwamba kwa mwendo wa wastani muziki hupunguza ugumu anaouhisi mtu kwa takriban asilimia 10. Tazama vizuri kinachopungua. Kazi ni ileile, mlima ni uleule, uzito unaotua kwenye goti ni uleule. Kilichopungua ni taarifa. Na mtu akiongeza kasi hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, muziki hauzuii tena: habari za ndani zinaingia kwa nguvu hata wimbo uwe mzuri namna gani. Maana yake muziki unaziba sauti za chini tu, zile za mwanzo, ambazo bado mtu angeweza kuzitumia.

Yapo mapingamizi ya haki na nayapokea. Haile Gebrselassie alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 ya ukumbini mjini Birmingham mwaka 1998 huku wimbo aliouomba ukipigwa uwanjani, na mimi sitamfundisha yeye kukimbia. Wapo wasichana wanaovaa hedfoni barabarani ili wasisikie upuuzi wanaotupiwa na wanaume vijiweni, na kwao ile ni ngao. Wapo wenye msiba au sonona ambao dakika arobaini bila kelele ni adhabu. Wapo wagonjwa wa kisukari ambao neva za miguu zimeharibika na nyayo haziwaletei habari tena, hao kifaa kinachowaona kutoka nje ni rafiki. Haya yote ni kweli na siyapingi.

Ninalolipinga ni moja, na ndilo lililorudiwa kwangu mara nyingi kuliko yote tangu nianze kumtetea mama yule: "Mwili ni mvivu. Ukiusikiliza, hutatoka kitandani."

Husemwa kwa tabasamu la mtu aliyemaliza mjadala. Husemwa na watu wenye afya. Na husemwa kama vile ni jambo linalojulikana na wote, mithili ya maji kutelemka mlima, wakati ukiligusa kidogo tu linameguka.

Kwanza, linachanganya kusikiliza na kutii. Hakimu humsikiliza shahidi hadi mwisho, humuuliza maswali, hulinganisha maneno yake ya leo na ya juzi, kisha huamua, na mara nyingi huamua kinyume na shahidi alivyotaka. Hakuna anayesema kwamba kumsikiliza kulimfunga mikono. Ila hakimu anayeamua bila kumsikiliza shahidi tunajua anaitwaje. Mwili unaposema saa kumi na moja alfajiri kwamba kitanda ni kitamu, nimeusikia, navaa raba. Unaposema dakika ya pili kwamba pumzi hazitoshi, nimeusikia pia, na kwa kuwa nimeusikia siku nyingi najua hilo ni la mwanzo tu: mapafu na moyo huhitaji dakika mbili tatu kuufikia mwendo ulioanzwa na miguu kwa mkupuo. Unaposema kichomi ubavuni, napunguza, napumua kwa kina, mara nyingi kinaondoka. Unaposema mahali pamoja, kidole kimoja tu kinatosha kupaonyesha, na maumivu yanazidi kila hatua, hiyo ni habari ya aina nyingine kabisa. Nani amenifundisha kutenganisha aina hizo? Si saa. Wala si mwenyekiti. Kuna watu wamekimbia miaka saba na spika masikioni na bado hawawezi kukueleza tofauti ya misuli iliyochoka na mshipa uliovutika, kwa kuwa kila mwili ulipofungua mdomo waliongeza sauti. Kisha haohao husema mwili hauaminiki! Shahidi hajapewa hata siku moja ya kuhojiwa, lakini sifa yake ya uongo imekwisha kuandikwa.

Pili, wanaosema mwili ni mwongo huamini saa kama mtume. Basi tuihoji na saa. Mpaka wa mapigo ya moyo uliomo katika vifaa vingi na kwenye mabango ya kumbi za mazoezi ni hesabu ya darasa la tatu: 220 kutoa umri wako. Hesabu hiyo inahusishwa na watafiti wawili wa Marekani, Samuel Fox na William Haskell, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikusanya takwimu za tafiti za watu wengine, wakaona doti zinaelekea kukaa kwenye mstari, wakapitisha mstari. Haukukusudiwa kuwa sheria ya kumhukumu mtu mmoja mmoja, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwenye mpaka wao wa kweli kwa mapigo kumi, ishirini, hata zaidi. Wakati huohuo kipo kipimo kingine ambacho mwenyekiti wetu hajakisikia. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza katika miaka ya 1960 ngazi inayoanzia 6 na kuishia 20, na aliyeulizwa anajibu tu: hii kazi unaiona ngumu kiasi gani? Namba hizo za ajabu zina sababu: ukizizidisha kwa kumi unapata makadirio ya mapigo ya moyo kwa kijana mwenye afya, 60 akiwa ametulia na 200 akiwa amefika mwisho. Ngazi hiyo inatumika hospitalini hadi leo. Yaani wataalamu wenye mashine zote walifika mahali wakaona inafaa kumuuliza mwenye mwili. Na jambo ninaloliona la kuchekesha, kama lisingekuwa la kuudhi, ni kwamba hata saa ya mama ilisema kweli. Moyo ulikuwa na mapigo 122. Swali lilikuwa la mguu.

Tatu, na hapa ndipo napandwa na jazba, wananitupia Akhwari.

Kila Mtanzania anaijua habari hiyo. Mexico City, Oktoba 1968, mbio ndefu za Olimpiki. John Stephen Akhwari aliumizwa na hewa nyepesi ya mji ule ulio juu sana, misuli ikamkaza, kisha akaanguka akaumia vibaya goti na bega. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na yeye ndiye wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, watazamaji wachache wamebaki, na jibu alilotoa alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza bali kumaliza, limekuwa mali ya taifa. Basi wanauliza: Akhwari angeusikiliza mwili wake, tungekuwa na nini leo?

Nawajibu kwa swali lao wenyewe. Hivi mnadhani hakuusikia? Kama kuna mtu aliyeusikia mguu wake kilomita ile ya mwisho ni yeye. Hakuwa na wimbo wa kumfichia. Alifungwa bendeji kwa sababu alikubali kwamba goti limeumia. Alichechemea kwa sababu goti lilimwambia halitakunjwa. Kila hatua ilikuwa mashauriano. Akaamua. Mwondoleeni usikivu huo na hamtakuwa na shujaa tena, mtakuwa na mtu aliyedungwa sindano ya ganzi, na mtu aliyedungwa ganzi akimaliza mbio kwa goti bovu hatumpigii makofi, tunamwonea huruma. Ushujaa unahitaji uwe umeshasikia. Tena mnasahau sehemu ya pili ya maisha yake: miaka miwili baadaye, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Huyo si mtu aliyeuharibu mwili wake kwa ubishi. Halafu tofauti kubwa kuliko zote: aliyeamua ni mwenye goti. Hakuna aliyesimama juu ya gari akamwambia kifaa hakioni tatizo. Kumtumia Akhwari kumwinua mama wa watu kutoka ukingoni mwa barabara ni kuiba ushujaa wa mtu na kuufanya fimbo ya kumpigia mwingine.

Na tukishafika kwenye fimbo, tuulize msemo huu umetoka wapi. Mwili mvivu: nani alikuwa wa kwanza kuhitaji kuuamini uvivu huo? Wenye mashamba ya mkonge kule Tanga na Morogoro waliuamini sana, wakaandika barua na ripoti nyingi kuhusu uvivu wa Mwafrika, na kwa sababu hiyo kulikuwa na kadi ya kipande ya kuhesabu siku za kazi, na nyapara wa kuhakikisha mgongo unaosema umechoka hauaminiwi. Siwezi kuthibitisha kwamba mwenyekiti wetu amerithi moja kwa moja kutoka kwa nyapara. Naona tu kwamba wanaosema mwili ni mvivu, tangu zamani, mara nyingi wanazungumzia mwili wa mtu mwingine. Kipya cha zama zetu ni kwamba tumemnunua nyapara kwa fedha zetu na kumweka sikioni, tukamwomba apige nyimbo tunazozipenda.

Lakini mimi si adui wa wimbo, na hapa itabidi msomaji anivumilie, maana kuna jambo nalipenda na sijapata mahali pengine pa kulisema. Nilisoma shule ya msingi wakati ambapo siku ilianza kwa mchakamchaka. Kabla ya jua kukaa sawa, kabla ya usafi wa mazingira na kabla ya mstarini, tunakimbia kuzunguka kijiji, mmoja anaanzisha, sisi tunaitikia, miguu ndiyo ngoma. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa wanalijua hilo kwa kiwango kingine kabisa. Nyimbo zilirithiwa kutoka darasa hadi darasa. Vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979 iliacha nyimbo za kumsimanga Idi Amin ambazo ziliimbwa na watoto waliozaliwa miaka mingi baada yake, wasiojua alikuwa nani. Nyingine zilikuwa za matusi kidogo, na walimu walijifanya hawazisikii.

Sasa fikiria wimbo ule ulikuwa unafanya nini. Huwezi kuimba ukiwa umezidiwa. Wanaofundisha mazoezi leo wanakiita kipimo cha kuongea: mkimbiaji akishindwa kusema sentensi nzima, amevuka mwendo ambao mwili unaweza kuumudu kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa na kipimo kikali zaidi, kwa sababu kuimba kunadai pumzi kuliko kuongea, na kilikuwa cha wote. Mwitikio ukififia nyuma, kule waliko wadogo wa darasa la pili, anayeanzisha anasikia. Kama ana akili, anapunguza. Kama hana, wimbo unamfia mdomoni na aibu ni yake. Nidhamu ilikuwepo, fimbo pia, siyapambi mambo. Lakini mwendo wa kundi ulikuwa unasomwa kutoka kwenye pumzi za walio nyuma kabisa, na ulikuwa ukisomwa kwa masikio.

Baadaye nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 1983 na Wamarekani wawili, Dennis Bramble na David Carrier, kuhusu pumzi na hatua. Mnyama wa miguu minne akikimbia kwa kasi anafungwa: hatua moja, pumzi moja, kwa sababu kifua chake kinabanwa na miguu ya mbele inapotua. Binadamu, kwa kuwa amesimama, ameachiwa uhuru. Anaweza kupumua mara moja kwa hatua mbili, ambayo ndiyo kawaida ya wengi, au kwa tatu, au nne, au hata kwa mafungu ya ajabu kama hatua tano kwa pumzi mbili. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana hatua tano kwa pumzi mbili ni mdundo ambao mpiga ngoma wa pwani angeuchukua bila kuuliza. Farasi hana uchaguzi wa mdundo. Sisi tunao, na tunaubadilisha katikati ya kilima bila kufikiri. Ukiimba unaujua mdundo wako uko wapi, kwa sababu ubeti unakatika pale pumzi inapokatika. Wavuta makasia walilijua hilo, watwanga nafaka walilijua hilo. Filbert Bayi sina ushahidi kama alikuwa akiimba moyoni pale Christchurch mwaka 1974, alipoongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32, lakini mtu anayekataa kungoja wenzake wampangie mwendo lazima ana mdundo anaousikia mahali fulani.

Pikapu ilipokuja, kikundi chetu kiliacha kuimba. Hakuna aliyetukataza. Spika inapiga kwa kasi ileile tukiwa tambarare na tukiwa tunapanda, na wa nyuma wakikata pumzi haisikii. Kwa hiyo nikisema "kimbia bila muziki", nasema neno ambalo si sahihi hata kwangu. Ninachokitaka ni mdundo unaoweza kukosolewa na mwenye miguu. Ukimya ni njia moja ya kuupata. Kuimba ni nyingine. Na pengine ipo ya tatu, ya mtu mwenye hedfoni anayejua kuzichomoa kwa wakati, ingawa sijamwona.

Nimebaki na matatizo mawili, na hakuna ninaloliweza.

Moja ni la hakimu wangu. Nilipomjibu yule wa mwili mvivu nilisema mwili ni shahidi, nikafurahia jibu. Lakini shahidi na hakimu ni watu wawili. Nikiwa barabarani, hakimu ni nani? Kama ni mimi, na mimi si kitu kingine zaidi ya huu mwili unaotoka jasho, basi shahidi amejipandisha mwenyewe kwenye kiti cha hukumu, na yule anayesema mwili utajipendelea ana pa kushika. Kama hakimu ni kitu tofauti na mwili, basi nimemrudisha nahodha chomboni kupitia mlango wa nyuma, yule ambaye hata Descartes hakumridhia. Maurice Merleau-Ponty aliandika mwaka 1945 kitabu kizima kuonyesha kwamba sina mwili kama nilivyo na kikapu. Mwili ndio njia yangu ya kuwepo duniani. Nikimsoma namkubali. Nikiwa kwenye kilima cha Chuo Kikuu, Mlimani, naona wazi tuko wawili na tunabishana.

La pili ni la kijana mmoja wa kikundi chetu ambaye kila Jumamosi ana kichomi. Kila Jumamosi, palepale, karibu na wauza madafu. Nikidai mama aaminiwe kwa neno lake, yule kijana naye? Kutoka nje siwezi kuwatenganisha, na kwa hoja zangu mwenyewe sina haki ya kumkazia macho mmoja na kumwachia mwingine. Nimejibu hivi: waaminiwe wote wawili, na kikundi kibebe gharama ya kudanganywa na mmoja. Kwa kikundi cha Jumamosi gharama hiyo ni dafu moja. Lakini kocha wa timu ya taifa mwenye nafasi tatu na wakimbiaji saba hawezi kulipa kirahisi namna hiyo, na nilipomuuliza mmoja ninayemheshimu, alisema yeye hahangaiki na maneno wala saa: anamtazama mtu anavyokanyaga, anavyobeba mabega, anavyojibu salamu asubuhi. Nilipenda jibu lake hadi nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba na yeye anatazama kutoka nje. Kwamba jicho lake ni tofauti na saa ya mwenyekiti, sina shaka. Anauliza, anangoja, na akikosea anaweza kuambiwa. Ila nikitakiwa niipange tofauti hiyo hoja moja moja, naandika ya kwanza, naandika ya pili, na ya tatu inamruhusu mwenyekiti arudi na kipaza sauti chake.